Msiba wa Mbinga na Kadi Isiyotambulika

Familia yetu haiwezi kufiwa bila kuunda kamati. Mama mdogo alipofariki kule Mbinga, jioni haijaingia, sisi wa Dar es Salaam tulikuwa tayari na kamati ya chakula, kamati ya turubai na viti, kamati ya usafiri, na msemaji wa familia. Msemaji ni baba mdogo, mwalimu mstaafu anayeamini kwamba kipaza sauti kilibuniwa kwa ajili yake. Ilipoonekana bado kuna watu hawana vyeo, ikaundwa na kamati ya mtandao. Mwenyekiti nilikuwa mimi, katibu mimi, mjumbe mimi.

Sikugombea. Nilipewa kwa sababu nina kibanda cha kutengeneza kompyuta pale Keko, katikati ya mafundi wa vitanda na makochi, na katika ukoo wetu mtu anayejua kufungua laptopu anahesabiwa kuwa anajua pia friji, pasi, king'amuzi, na simu ya shangazi iliyojaa picha za maua ya kusalimia asubuhi. Nimeshazoea. Safari hii lakini sikubisha, maana kazi yenyewe ilikuwa ya mama yangu.

Mama alivunjika nyonga, na daktari amemkataza kukaa safari ndefu. Mbinga kutoka Dar ni kukaa mpaka umsahau aliyekutuma. Wenye afya walipanda basi Mbezi Luis alfajiri ya Alhamisi. Sisi tuliobaki, yaani wazee, wagonjwa na wenye visingizio, tulipangiwa kukutana Jumamosi nyumbani kwa mama, Mbagala, ili tuzike kwa projekta.

Kilichonitia hofu ni kwamba mama hakuwa amelia. Alipopewa taarifa aliitikia tu, akaomba maji, akaendelea kumtaja mdogo wake kama mtu aliye hai: anapenda hiki, hataki kile. Chakula alikisogeza pembeni. Ijumaa aliniita karibu.

"Mie kifo cha kwenye simu sikiamini," aliniambia. "Nataka nimwone uso. Mkinionyesha uso wake nitajua. Msiponionyesha, mtazika nyie, mie sijazika."

Kumwonyesha kwenye simu haikuwezekana. Ana mtoto wa jicho kwenye macho yote, na skrini ya simu anaiona kama kipande cha sabuni. Ndiyo sababu ya projekta: picha ijae ukuta wa sebuleni, mama akae mbele kabisa. Kule Mbinga shemeji yangu, aliyeoa binti wa marehemu, alikubali kushika simu na kutupigia kwa video wakati wa kuaga mwili, saa nne asubuhi, kabla jeneza halijafungwa kwenda kanisani. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yetu, na ilikuwa moja.

Mimi nilitaka kutumia laptopu yangu. Kaka yangu akakataa. Kaka ndiye mwenyekiti mkuu wa kamati zote, na anaishi na mama hapo Mbagala. Alisema laptopu yangu ina ufa kwenye kioo na herufi zimefutika, wageni wataonaje? Itumike ya kwake, ambayo juu ya mfuniko ina jina kubwa linalong'aa. Nikamwachia. Ijumaa jioni nikaifunga yote, projekta, spika, waifai ya nyumbani, nikampigia shemeji, nikamwona akitafuna muhindi ukutani, mkubwa kuliko kabati la vyombo. Kila kitu kikaenda sawa. Nikamwambia kaka neno moja tu kabla ya kuondoka: usiiguse.

Jumamosi asubuhi nilikuta turubai limesimama, viti vya plastiki vimepangwa, na laptopu haipo mezani. Baadaye kidogo kaka akaingia nayo kwapani, amevaa suti, uso umechangamka kama aliyeokoa jahazi.

"Umeipeleka wapi?"

"Rangi Tatu, kwa jamaa mmoja. Imepigwa windo mpya. Si unajua leo kuna wageni wazito? Nikaona isije ikatuaibisha mbele za watu."

"Kaka, jana ilikuwa inafanya kazi."

"Ilikuwa imejaa takataka. Sasa hivi nyepesi, we washa uone."

Ndivyo tulivyo. Wageni wakija tunapaka rangi ukuta, na mgeni anakaa palepale, rangi haijakauka, anaondoka na ukuta mgongoni. Kaka aliona msiba una hadhi, akaona hata laptopu inatakiwa kuoga. Jamaa wa Rangi Tatu akafuta kila kilichokuwamo na kuweka mfumo mpya. Iliwaka haraka kweli, na haikumjua mtu. Alama ya waifai haikuwepo. Nikafungua orodha ya vifaa, nikakuta kadi ya mtandao, ile inayoshika waifai, imekaa peke yake, haina jina, ina alama ya mshangao ya njano ubavuni.

Nieleze hapa, maana nimechoka kuulizwa. Kompyuta haina macho ya kusoma stika. Kadi ya mtandao ikiwa ndani yake, mfumo unaiuliza: wewe nani? Kadi inajibu kwa namba mbili, ya kwanza ya kiwanda kilichoizaa, ya pili yake yenyewe. Mfumo unazigeukia draiva zake, yaani zile programu ndogo zinazojua kuongea na vifaa, unauliza: nani anamjua huyu? Draiva yenye namba hizo inanyoosha mkono, inapewa kazi, mambo yanaanza. Hakuna anayeuliza umevaa nini. Kadi mbili zinaweza kuuzwa kwenye maboksi yenye picha moja na jina moja, kumbe ndani kila moja ina chipu ya kiwanda chake, kwa sababu mwenye jina alibadilisha mpishi bila kubadilisha sufuria.

Na draiva iliyoandikwa na mtu mwenye akili haiishii kwenye jina. Inauliza pia: toleo lako la ngapi, unaweza nini? Halafu inajirekebisha. Ndani yake kuna maelekezo mafupimafupi kwamba huyu wa toleo la kwanza usimlaze, ukimlaza haamki. Huyu mwendo wake ni huu, usimkimbize. Huyu anajisifu kuliko nguvu zake, mpunguzie. Mama yangu anaishi hivyohivyo na wake wa wanawe. Kuna anayeombwa kusonga ugali na kuna anayeombwa akae tu apige stori, na wote wanaondoka wakijiona wamesaidia.

Utambulisho wote huo unaisha kabla hujapepesa macho. Utambulisho wa baba mdogo ulianza saa mbili na nusu.

Nilikuwa sebuleni nimeinamia laptopu, na kupitia dirishani nikamsikia kwenye kipaza sauti. "Kabla ya yote, ndugu waombolezaji, ni vizuri tukafahamiana." Ukisikia hivyo kwenye shughuli yoyote ya kwetu, jiegemeze vizuri. Alianza na ukoo wa marehemu, akaja ukoo wa mume wa marehemu, akaja majirani, walioko na waliotuma salamu, jumuiya, kwaya, mjumbe, aliyekuwa mjumbe. Kila aliyetajwa alisimama, akageuka kushoto na kulia ili aonekane. Kuna aliyesimama mara mbili kwa vyeo viwili.

Mimi nikachomeka flashi yangu yenye draiva za kila namna. Nikaangalia jina lililo kwenye mfuniko wa laptopu, nikatafuta draiva za kampuni hiyo, nikaweka. Kimya. Nikaweka nyingine. Kimya. Ilibidi niigeuze chali ndipo nikaelewa. Skrubu zilikuwa mchanganyiko, nyingine nyeusi nyingine nyeupe, na tundu la chaji lilikuwa limepanuliwa kwa kisu. Laptopu ya kaka ilikuwa imebadilishwa bodi.

Hii ni kazi ya mjini na inaheshimika. Laptopu ya mtumba iliyochubuka inavuliwa gamba lake na kuvishwa gamba la nyingine, yenye jina kubwa, iliyokufa ndani. Inafutwa kwa spiriti, inauzwa ikiwa inang'aa. Haifanywi kwa ubaya sana, ni kwamba sisi wateja tunanunua mfuniko. Kaka alikuwa ameibeba miaka yote hiyo akiweka lile jina upande wa watu wanaopita. Na mimi fundi mzima, mwenye kibanda, nilikuwa nimesoma mfuniko kama yeye.

"Kaka, hii siyo laptopu uliyodhani."

"Siyo kivipi? Si imeandikwa hapo juu?"

"Imeandikwa juu tu. Ndani ni nyingine."

Aliiangalia kwa huzuni ambayo hakuwa nayo hata kwa marehemu. Nikamwacha na maumivu yake, nikazisoma zile namba za kadi yenyewe. Ya kiwanda niliitambua mara moja, nimeshakutana na ndugu zake wengi Keko. Kwenye flashi nilikuwa na draiva ya karibu kila mtu katika ukoo huo isipokuwa yeye. Nikajaribu kumlazimishia ya ndugu yake wa karibu. Laptopu ikaganda, nikaizima kwa nguvu, ikachukua muda wake kuwaka tena. Nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto.

Nyuma yangu mama alikuwa ameshakalishwa kwenye kiti chake, mto chini ya nyonga, akitazama ukuta ambao projekta iliumulika mweupe mtupu.

"Bado?"

"Bado kidogo, mama."

"Usimcheleweshe mwenzio. Hapendi kusubiri."

Na wakati huohuo nikasikia cheo changu nje.

"Mwenyekiti wa kamati ya mtandao yuko wapi? Aje asimame, wageni wamwone."

Nikapuuza. Akarudia. Kaka akachungulia mlangoni kwa macho ya kubembeleza, maana mtu akiitwa kwenye utambulisho asitokee, watu wanasema ana kinyongo na familia. Nikatoka, bisibisi mkononi.

"Shikamooni."

"Marahaba," turubai zima likaitikia.

"Geuka na upande ule wakuone," baba mdogo akaelekeza. "Huyu ni binti yetu, mtaalamu wa mitandao. Mwanangu, tupe taarifa fupi ya kamati."

"Shikamoo baba. Kamati haina mtandao."

"Ahsante sana. Tutakupa nafasi tena baada ya viongozi wa mtaa."

Watu wakanipigia makofi. Nadhani hakuna aliyesikia nilichosema, waliona tu nimemaliza. Ningeweza kumpokonya kile kipaza sauti nikakitumbukiza kwenye sufuria ya maharage, na nakiri nililipima wazo hilo kwa utulivu kabisa.

Nikarudi ndani. Shida yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza: ili niipate draiva nilihitaji mtandao, na ili niupate mtandao nilihitaji draiva. Laptopu yangu iko Keko, na Jumamosi hiyo, kwa foleni ya Kilwa Road, kwenda na kurudi ingekuwa kuwahi mazishi ya mtu mwingine. Ilibaki njia moja. Simu ukiiunga kwa waya inaweza kuigawia kompyuta bando lake, na kwa hilo mfumo una draiva moja ya jumla, mtu wa watu, isiyojali simu ni ya kampuni gani. Haiulizi umezaliwa wapi. Inauliza tu kama unaijua lugha ya kawaida, ile inayotumiwa na wote, na ukijibu ndiyo unapewa kiti. Hutapata mwendo wa kujivunia, ila utapita.

Nikachomeka simu yangu. Simu ikaanza kuchaji kwa furaha. Laptopu haikusema kitu. Waya wangu ulikuwa wa kuchajia tu, ule wa barabarani, ndani hamna nyuzi za kupitishia data. Nikazunguka nyumba nzima nikichomoa waya kwenye soketi, wa kaka, wa mkewe, wa mpangaji wa chumba cha uani. Zote za aina moja. Nyumba ilikuwa na uwezo wa kuchaji wilaya, na hakuna hata waya mmoja uliojua kuongea.

Nikaingia jikoni nikiwa sijui naingia kufanya nini. Jirani wa mama, mwanamke wa Lindi aliyekuwa akimenya vitunguu tangu asubuhi, akanitazama.

"We mtoto una nini?"

"Natafuta waya wa simu, mama. Wa kweli. Uliokuja na simu yake."

"Wa kwangu haujatoka hata kwenye boksi. Mwanangu alinambia huo wa kuutunza, nitumie wa buku, wa barabarani."

Akafuta mikono kwenye khanga, akavuka uzio kwenda kwake. Sijawahi kumpenda mtu kwa kasi hiyo. Wakati anarudi saa nne ilikuwa imeshapita, na baba mdogo nje alikuwa amefika kwa walioomba samahani kwa kutofika.

Nikachomeka ule waya. Laptopu ikatoa kile kimlio chake kidogo, ikasita, halafu alama ya mtandao ikatokea pembeni. Sikufanya kingine. Mfumo wenyewe ukatoka nje, ukaenda na zile namba mbili za kadi, ukarudi na draiva yake. Mshangao wa njano ukafutika. Kadi ikapata jina, ikaiona waifai ya nyumbani, na mimi nikiwa nimepiga magoti kwenye zulia nikampigia shemeji.

Alipokea mara moja. Picha ilijaa ukuta, koti jeusi la mtu, mgongo, halafu uso wake mwenyewe.

"Mko wapi nyie? Watu wameshapita wote, wanataka kufunga!"

"Wazuie shemeji! Mama yuko hapa, yuko mbele. Waambie dada yake hajamwona!"

Tulimsikia akiomba, kwa adabu kwanza, kisha kwa kelele. Tukasikia mzee mmoja akiuliza dada gani, na mwanamke akijibu dada mkubwa, wa Dar, yule wa nyonga. Mzee akasema haya, upesi. Huku kwetu habari zilikuwa zimefika uani, na watu wakaacha utambulisho ukimtambulisha nani sijui, wakajaa sebuleni na madirishani. Hata baba mdogo aliingia, kipaza sauti kimezimwa.

Shemeji akaisogeza simu. Ukutani ukaja mbao, ukaja kitambaa cheupe, ukaja uso.

Mama akainama mbele kadiri nyonga ilivyomruhusu. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akatikisa kichwa.

"Siye."

Kaka akachuchumaa kando ya kiti chake.

"Mama, ndiye," kaka akasema taratibu. "Aliumwa sana, alikonda."

"Mie nakwambia siye. Huyu ni mzee. Mdogo wangu ana mashavu. Mmenionyesha mtu mwingine."

Kule Mbinga walikuwa wanatusikia, na kuna mtu akaanza kulia. Mimi niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nilikuwa nimemletea uso aliouomba, na uso haukumwambia kitu. Nikafikiri tumemwongezea, kwamba sasa atabaki akimsubiri mdogo wake mpaka na yeye afe.

"Sikio," mama akasema. "La kushoto. Waambie wanisogezee."

"Shemeji, msogezee mama sikio la kushoto."

Shemeji akasita. Kwao mtu hamsogelei mama mkwe hivyo, hata akiwa jenezani. Picha ikayumba, nikaona simu inahamia kwenye mikono mingine, mikono ya mkewe, binti wa marehemu. Ikashuka polepole. Kidole chake kikakisogeza kitambaa, na ukuta mzima wa sebule ukawa sikio moja. Chini lilikuwa na tundu la hereni kama la mwanamke yeyote. Juu yake, limepinda, limeenda upande, kulikuwa na jingine.

Mama alinyanyuka. Kaka akataka kumshika, akamsukuma mkono. Akaenda mpaka ukutani, kivuli chake kikafunika nusu ya picha, akaweka kidole pale kwenye tundu la juu.

"Hili nilimtoboa mie," akasema, si kwetu. "Kwa mwiba wa mlimao. Nilikosea, damu ikatoka. Mama alipouliza akasema ameanguka."

Akaliwekea kidole hivyo kwa muda, kwenye plasta ya ukuta, na binti wa marehemu kule hakuitikisa simu.

"Ndiye," mama akasema. "Waambie wafunge." Na hapo ndipo alipoanza kulia.